Mgonjwa wa TB Aelezwe Dawa Yake Inafanya Nini

Siku ya kliniki ya kifua katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, iwe Nyeri, Karatina, Kerugoya au Nanyuki, mgonjwa mpya wa kifua kikuu huondoka na tembe zenye rangi ya matofali pamoja na maagizo manne. Azimeze asubuhi kabla ya kutia chochote tumboni. Asishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa. Asiache dawa hata akijihisi mzima, mpaka miezi 6 itimie. Na ataje dawa nyingine yoyote anayotumia. Maagizo hayo ni sahihi, na wauguzi wanaoyatoa wanaijua kazi yao. Lakini ni maagizo matupu. Mgonjwa anaambiwa afanye nini bila kuambiwa kwa nini, halafu akiteleza mwezi wa tatu anaitwa mkaidi.

Sababu ipo, na si ngumu kiasi cha kufichwa. Karibu kila agizo katika hayo manne linatokana na dawa moja iliyochanganywa na nyingine tatu ndani ya tembe hiyo. Dawa yenyewe ni rifampicin. Rangi ya mkojo ni rangi yake tu ikitoka mwilini, na haimdhuru mtu. Agizo la kutoacha dawa linaelezwa na kazi inayoifanya: huzuia bakteria wa TB wasisome jeni zao.

Jeni peke yake haifanyi lolote. Ni maandishi yaliyomo kwenye DNA, yameandikwa kwa herufi nne za kikemikali, na yasiposomwa ni kana kwamba hayapo. Bakteria wa TB ana herufi zipatazo milioni 4.4 na jeni karibu 4,000, hesabu iliyotangazwa mwaka 1998 baada ya wanasayansi kuisoma DNA yake yote. Anapohitaji protini fulani, kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi huishika DNA pale jeni inapoanzia, hutenganisha nyuzi zake mbili, kisha husonga mbele juu ya uzi mmoja kikiunga herufi za RNA moja baada ya nyingine. Nakala hiyo ya RNA ndiyo inayopelekwa kwenye ribosomu kutengenezewa protini. Yeyote aliyewahi kufuatilia shamba la babu yake katika ofisi ya ardhi anauelewa mpango huu: kitabu cha usajili hakitoki ofisini, kinachotoka ni nakala.

Rifampicin hujipenyeza ndani ya kimeng'enya hicho na kutulia kando ya njia ambamo uzi wa RNA hupitia. Picha za kina zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha mahali hasa inapokaa. Unakili huanza kama kawaida, herufi ya kwanza ikaungwa na ya pili, pengine na ya tatu, kisha njia ikaziba. Hakuna nakala, kwa hiyo hakuna protini mpya, na zile za zamani zinachakaa bila kufidiwa. Bakteria anakufa. Binadamu naye ana vimeng'enya vya kunakili jeni, ila umbo lake mahali hapo ni tofauti, na rifampicin haipati pa kushika. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa ya kuzima usomaji wa jeni kila asubuhi kwa nusu mwaka na jeni zake zikaendelea kusomwa.

Historia ya dawa hii ina kipande kinachowahusu watu wa hapa, nacho hakisimuliwi inavyostahili. Ukoo wa rifampicin ulitokana na udongo uliochukuliwa pwani ya kusini ya Ufaransa mwaka 1957 na kuchunguzwa katika maabara ya kampuni ya Lepetit mjini Milan. Watafiti wake walikuwa wamependezwa na filamu ya Kifaransa iitwayo Rififi, wakaipa dawa jina lililotokana nayo. Mwaka 1967 ikabainika kwamba inachozuia ni RNA polimerasi ya bakteria. Hadi hapo ilikuwa habari ya Ulaya.

Mwaka 1970 habari ikahamia huku. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, lilianza jaribio ambalo wataalamu wengi waliliona la kuthubutu mno: kumtibu mgonjwa wa TB ya mapafu kwa miezi 6 badala ya 18. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Kati ya waliopewa streptomycin na isoniazid peke yake kwa miezi 6, zaidi ya robo ugonjwa uliwarudia. Walioongezewa rifampicin waliorudiwa walikuwa wachache sana, karibu sawa na waliotibiwa mwaka mmoja na nusu. Miezi 6 ambayo madaktari wa London na New York waliizoea baadaye ilipimwa kwanza katika vifua vya Waafrika Mashariki.

Kisha ikaja dhuluma ya kawaida. Rifampicin ilikuwa ghali, na kwa miaka mingi baada ya jaribio lile wagonjwa wengi wa nchi zilizolifanya waliendelea kumeza dawa za bei nafuu kwa mwaka mzima au zaidi. Mgala muue na haki yake mpe: serikali za sasa angalau zinatoa dawa hizi bure. Lakini mgonjwa wa Karatina anayelalamika kwamba miezi 6 ni mingi hajawahi kuambiwa kwamba ilikuwa 18, wala kwamba waliokubali kujaribiwa ili ipunguzwe walikuwa watu wa kanda yake.

Kwa nini basi miezi 6, ikiwa bakteria wengi hufa katika wiki za mwanzo? Hapa ndipo elimu ya kunakili jeni inapokuwa na faida ya moja kwa moja. Denis Mitchison, Mwingereza aliyekuwa nguzo ya majaribio yale, alieleza kwamba si bakteria wote walio katika hali moja. Wengi huzaana kwa bidii, na hao isoniazid huwamaliza upesi. Lakini wako wachache waliolala, hawazaani na karibu hawafanyi lolote. Jeni zao hazisomwi, au husomwa kwa nadra, kwa muda mfupi, kisha kimya tena. Dawa inayozuia usomaji haiwezi kumkamata asiyesoma. Inabidi iwepo damuni siku anapozinduka, na hakuna ajuaye siku hiyo. Nguvu ya rifampicin ni kwamba huwahi: bakteria akianza kunakili tu, tayari dawa imo ndani ya kimeng'enya.

Mgonjwa akilielewa hilo, mwezi wa nne unabadilika sura. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, kazi ya shambani imeanza tena, na bado kuna tembe za kumeza. Kumwambia "maliza dozi" ni kumwomba utiifu. Kumwambia kwamba waliobaki wamelala na tembe ya leo inamvizia atakayeamka leo ni kumpa sababu ambayo anaweza kumsimulia hata mkewe au mumewe nyumbani.

Habari ya usugu nayo inasimama palepale. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya kimeng'enya ambayo rifampicin huishika inaitwa rpoB. Badiliko la herufi moja tu ndani yake linatosha kugeuza umbo la mahali pale, dawa ikakosa pa kukaa, na unakili ukaendelea kana kwamba hakuna tembe iliyomezwa. Mabadiliko mengi ya aina hiyo hutokea katika kipande kifupi cha herufi 81. Katika kifua chenye bakteria mamilioni kwa mamilioni, wachache huwa nayo tangu mwanzo, kwa bahati tu. Dawa nne zikimezwa pamoja kila siku, anayeponea moja huuawa na nyingine. Zikimezwa kwa kurukaruka, yule mwenye herufi iliyobadilika hubaki na nafasi yote ya kuzaana.

Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010 na ambayo sasa imo katika hospitali nyingi za kaunti, inasoma kipande hichohicho. Mhudumu wa maabara huchanganya makohozi na dawa ya maji, hutikisa chupa, huiacha robo saa, kisha humimina ndani ya katriji ya plastiki inayotosha kiganjani na kuitumbukiza kwenye mashine. Ndani humo DNA hutolewa na kuzidishwa. Katika toleo la kwanza la kipimo hicho, vipande vitano vidogo vya DNA vyenye rangi ya kung'aa vilitumwa kujibandika kwenye zile herufi 81. Vikijibandika vyote, rifampicin itafanya kazi. Kimoja kikikosa pa kujibandika, herufi zimebadilika na mgonjwa anahitaji dawa nyingine. Chini ya saa mbili jibu liko mezani, ambapo zamani kuotesha bakteria maabara kulichukua wiki kadhaa. Mgonjwa, hata hivyo, huambiwa tu kwamba "mashine imeonyesha". Imeonyesha nini? Mtu aliyekohoa kwenye chupa ile anastahili kujua.

Kenya imewahi kujaribu njia nyingine ya kuwafanya wagonjwa wamalize dawa, nayo haikuwa maelezo. Mwaka 2010 mahakama ya Kapsabet iliwapeleka jela wagonjwa wa TB kwa kosa la kuacha matibabu, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Walifungwa katika gereza la Kapsabet, yaani mahali penye msongamano na hewa haba, ambapo TB husambaa kwa urahisi kuliko karibu mahali pengine popote. Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini jela ilipoondolewa, hakuna kitu kizito kilichowekwa mahali pake. Kilichobaki ni lugha ya jela: "mtoro", "mkaidi", "amekataa dawa".

Kuna wanaosema TB si tatizo la nyanda za juu, ni la mitaa ya mabanda ya Nairobi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 uliwaondoa wengi katika usingizi huo: ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000 nchini, kiwango kikubwa kuliko kilichokuwa kikidhaniwa, na wengi wao walikuwa hawajagunduliwa.

Nyeri ina sababu yake nyingine ya kujali, nayo ni kisukari. Desemba 2018 serikali ilipoanzisha majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne za Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri, Nyeri ilichaguliwa kwa ajili ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukiza, kisukari kikiwa mbele. Mwenye kisukari yumo katika hatari ya kuugua TB mara mbili au tatu kuliko asiye nacho. Kwa hiyo wapo watu wengi tu katika kaunti hii ambao kadi yao ya kliniki ya sukari na ile ya kliniki ya kifua zimo katika mfuko mmoja.

Hao ndio wanaopaswa kusikia sehemu ya pili ya habari ya rifampicin, sehemu ambayo ni ya ajabu kuliko ya kwanza. Dawa hii inayozima usomaji wa jeni ndani ya bakteria huuchochea ndani ya ini la mgonjwa.

Katika seli za ini kuna protini iitwayo PXR, iliyotambuliwa mwaka 1998, ambayo kazi yake ni kunusa kemikali ngeni. Rifampicin ikiigusa, protini hiyo hujishika kwenye DNA karibu na jeni kadhaa, ile iitwayo CYP3A4 ikiwa maarufu zaidi, na kuita RNA polimerasi ije inakili kwa wingi. Nakala zinazotoka hapo hazitumiki zikiwa mbichi. Jeni ya binadamu, tofauti na ya bakteria, imekatizwakatizwa na vipande virefu visivyo na maelekezo ya protini, viitwavyo introni. RNA ikinakiliwa huwekewa kofia ya kemikali upande wa mwanzo na mkia wa herufi A upande wa mwisho, introni hukatwa na kutupwa, na vipande vinavyohitajika huungwa. Baada ya matengenezo hayo ndipo hutoka kwenye kiini cha seli.

Phillip Sharp na Richard Roberts waligundua ukataji huo mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ukubwa wa kazi yenyewe unashangaza: jeni ya distrofini, inayohitajika katika misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2, huchukua kama saa 16 kunakiliwa, na baada ya kukatwa hubaki herufi 14,000 hivi. Nyingine zote zimetupwa.

Ini likishapokea nakala nyingi za CYP3A4 na wenzake, hutengeneza vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa, na dawa nyingine anazomeza mgonjwa huanza kuyeyuka kabla ya kufanya kazi. Baadhi ya tembe za kisukari, glibenclamide mojawapo, hupungua damuni, na sukari ikapanda bila mgonjwa kujua amekosea wapi. Tembe za kupanga uzazi hupoteza nguvu. Kipandikizi cha mkononi nacho hupungua nguvu, ilhali sindano ya miezi mitatu haitikiswi. Dolutegravir, dawa kuu ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya, inabidi mgonjwa wa TB aimeze mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hali hii hujengeka katika wiki mbili hivi za mwanzo na huchukua muda kama huo kutulia baada ya dawa kwisha.

Sasa agizo la nne linaeleweka. "Taja dawa nyingine unazotumia" linapotamkwa bila maelezo, mwanamke mwenye kipandikizi hafungui kinywa, maana kipandikizi hakifanani na dawa. Hakimezwi wala hakichomwi. Amewekewa mwaka juzi na amekisahau. Akipata mimba asiyoipanga katikati ya matibabu, atailaumu kliniki ya uzazi wa mpango, nayo itamlaumu yeye. Sentensi moja kuhusu ini lake ingetosha.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wako mbele ya wengine katika jambo hili, na inafaa kuuliza kwa nini. Virusi hivyo hujiandika ndani ya DNA ya seli ya mgonjwa na kuilazimisha RNA polimerasi ya mgonjwa mwenyewe ivinakili. Nakala moja ya herufi 9,000 hivi hukatwa kwa namna nyingi tofauti ili itoe protini mbalimbali, na nyingine huachwa nzima ziwe virusi vipya. Kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu nakala hizo za RNA katika mililita ya damu. Watu walioishia darasa la nane wanaizungumza hesabu hiyo kwa ufasaha: wanajua idadi yao ya mara ya mwisho, wanajua kama imeshuka, na wanajua kwamba isipoonekana kabisa hawamwambukizi mwenzi. Hawakuzaliwa na ujuzi huo. Walielezwa, tena na tena, na wagonjwa wenzao waliofunzwa kueleza. TB haikupata jeshi kama hilo.

Pingamizi la kwanza kutoka kliniki huwa ni foleni. Muuguzi mmoja, benchi limejaa, simu inalia, rejista inasubiri kujazwa. RNA polimerasi ataitaja saa ngapi? Pingamizi hilo ni la kweli na si la kupuuzwa. La pili si la kweli hata kidogo, nalo ni kwamba wazee wa mashambani hawawezi kuelewa mambo ya jeni.

Atakayesema hivyo aende Mukurwe-ini, ambako ushirika wa Wakulima hukusanya maziwa, awasikilize wafugaji wakilinganisha mafahali kabla ya kumwita mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Au akae na mkulima wa kahawa wa Tetu amweleze tofauti ya SL28, Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985, na Batian iliyopewa jina la kilele cha mlima huuhuu mwaka 2010: ipi inahimili chulebuni, ipi ina ladha, ipi inataka dawa nyingi. Hawa ni watu wanaoishi kwa urithi wa viumbe. Wanachokosa ni hatua moja tu, nayo ni kujua kwamba kuwa na jeni na jeni kusomwa ni mambo mawili.

Maziwa yenyewe yangewafundisha hilo. Kila mtu ana jeni ya laktesi, kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, katika kila seli ya mwili wake yenye kiini. Husomwa katika utumbo mdogo peke yake. Kwa sehemu kubwa ya binadamu duniani, usomaji hupungua baada ya utotoni, na kikombe cha maziwa mabichi huleta gesi na kuendesha. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mmarekani Sarah Tishkoff kiliwapima watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan, na mwaka 2007 kikachapisha mabadiliko matatu ya herufi mojamoja yanayofanya jeni hiyo iendelee kusomwa ukubwani. Yalikuwa tofauti na badiliko la Wazungu, maana yake kunywa maziwa ukubwani kulizuka Afrika kwa njia yake. Na mahali yalipo panachekesha kidogo: hayamo ndani ya jeni ya laktesi, yamo ndani ya introni ya jeni jirani, herufi kama 14,000 kabla ya laktesi kuanza. Kipande ambacho jirani hukikata na kukitupa kila anaponakiliwa ndicho chenye amri juu ya maziwa.

Nyeri tayari imetoa mtu aliyefanya kazi karibu na swali hili. Wangari Maathai wa Ihithe, ambaye dunia inamkumbuka kwa miti na Nobel ya 2004, alikuwa mwanabiolojia kwanza. Shahada yake ya uzamifu ya mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ilihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua na kutofautika kabla ya kuzaliwa. Alitazama tishu kwa darubini, kwa sababu zana za kutazama jeni zikisomwa hazikuwepo. Zilipopatikana, mwaka 1990 watafiti wa London walitambua jeni iitwayo SRY, inayowasha njia ya kiume katika kiinitete kwa kusomwa kwa muda mfupi tu. Sanamu na barabara zenye jina la Maathai ni jambo jema. Ingekuwa jema zaidi kama mwanafunzi wa Tetu angejua mama huyu alikuwa akiuliza nini maabara.

Mwanafunzi huyo kwa kawaida hukutana na RNA akiwa kidato cha nne, katika mada ya jenetiki, kwa mchoro wa ngazi iliyosokotwa na orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mtaala mpya wa shule za upili za juu, ulioanza na Gredi ya 10 mwaka 2026, umeahidi kufundisha kwa mambo yaliyomo katika jamii. Basi mwalimu na achukue tembe ya TB. Inafundisha DNA, RNA, kimeng'enya, badiliko la jeni na usugu kwa kipindi kimoja, na darasani huenda yumo mtoto ambaye nyumbani kwao iko juu ya kabati.

Kuhusu foleni, dawa yake si kumwongezea muuguzi mzigo. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wenye mikoba na simu, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Wengi wanaulizwa na wagonjwa yaleyale wasiyoyapata kliniki. Wafundishwe mambo matatu: tembe inazuia nini, kwa nini inachukua miezi 6, na ini linafanyaje dawa nyingine. Redio za Inooro, Kameme na Muuga zinasikika katika majiko mengi ya mlima huu. Nusu saa kwa wiki kwa daktari wa kifua si ombi la kupita kiasi.

Pesa zitatajwa, kama kawaida. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana wazi jinsi huduma za TB na Ukimwi zilivyokuwa zikiegemea mifuko ya wageni, kuanzia katriji hadi pikipiki za kubeba makohozi. Kaunti zinapaswa kuziweka katriji katika bajeti zao kama zinavyoweka lami. Lakini maelezo hayahitaji mfadhili.

Matibabu yenyewe yanabadilika. Mei 2021 jaribio kubwa la nchi 13, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba rifapentine, ndugu wa rifampicin, ikiunganishwa na dawa nyingine tatu ikiwemo moxifloxacin, inaweza kumtibu mgonjwa kwa miezi 4. Hata miwili ya kupunguzwa ni nafuu kubwa kwa mtu wa kibarua. Ila rifapentine nayo huzuia kimeng'enya kilekile, huzimwa na mabadiliko ya jeni ileile, na huamsha ini vilevile. Karatasi moja iliyoandikwa kwa Kikuyu, Kimeru na Kiswahili ingefaa kwa dawa zote mbili. Iandikwe na watu wa kliniki ya kifua, ya sukari, ya Ukimwi na ya uzazi wa mpango wakiwa meza moja, maana kwa sasa kila mmoja ana kadi yake na mgonjwa ndiye anayetembea kati yao. Na katika orodha ya dawa za kutajwa, kipandikizi kiandikwe kwa jina.